Jina Ndani ya Kofia ya Ukindu

Jua lilikuwa linaanza kuuacha mlima wa Mon Lazar pale Leontin alipokata uzi wa mwisho kwa meno, akalikunja lile vazi, akalitia kapuni na kulifunika kwa kanga chakavu. Safari yenyewe ilikuwa fupi. Kutoka kwake hadi kwa mdogo wake Odali ni kuteremka shamba la mikakao, kuvuka kijito, kisha kupanda kidogo. Njia hiyo alikwishaipita na homa, akaipita na ndoo kichwani, akaipita na mtoto mgongoni. Angefika kabla ya giza, angemvisha Kiki, angeutazama uso wa Odali ukisawijika, kisha angerudi kwake akalale usingizi alioukosa tangu Krismasi.

Huo uso wa Odali ndio uliomtia haraka.

Watu husema wivu ni ugonjwa wa wake wenza. Waongo. Muulize mwanamke aliyelea mtoto wa mwenzake. Odali alikwenda Amerika kutunza wazee wa watu wakati Kiki hajaanza kutambaa, akamwacha kwa dada yake kwa muda tu, alivyosema. Katika muda huo mtoto aliota meno, akaugua surua, akajifunza kusimama kwa kushika mguu wa cherehani. Leontin hakujaliwa mtoto wake. Mume alimpata, naye akaondoka siku moja kwenda kununua mafuta ya taa, mpaka leo hayajafika. Kiki ndiye aliyeijaza ile nyumba.

Na kila mwaka, kanivali ikikaribia, Leontin alimshonea Kiki vazi la kutoka katika hadithi za bibi yao, Gran Felisia. Mwaka mmoja akawa kunguru aliyeiba sufuria ya mfalme. Mwaka mwingine akawa mwanamke wa mtoni, nywele zake majani ya maji ya kitambaa yaliyoshonwa moja moja. Mwaka uliopita akawa mzee wa msitu mwenye ndevu za ukoka, na watu waliacha kucheza ngoma wakamtazama. Mavazi ya kununuliwa Port of Spain yalionekana matambara kando yake. Jioni za kazi hiyo Kiki alikaa chini ya meza akiokota pini, Leontin akisimulia huku mguu uko kwenye cherehani. Hapakuwa na mtu mwenye raha kama yeye katika mlima wote.

Halafu Krismasi Odali akarudi. Alikuja na sanduku kubwa, manukato, na kicherehani cha plastiki chenye taa. Akamshika mtoto mkono. "Asante dada, Mungu atakulipa," akasema, kama mtu aliyekuja kuchukua sufuria aliyoazimisha.

Hata hilo Leontin alilimeza. Lililomkwama ni la juma lililofuata, alipopitia kwa mdogo wake kuchukua vipimo vya mtoto.

"Kiki, mwambie Tanti Leontin mwaka huu nani anakushonea," Odali alisema bila kuinua macho.

Mtoto alikuwa na gundi mpaka kwenye nyusi. "Mama," akasema. "Tunatengeneza kasuku. Mimi ndiye ninayebandika manyoya, Tanti. Mwenyewe."

Kasuku gani yule. Mbawa za boksi, moja ndefu moja fupi. Mdomo umekaa upande. Pindo limeshonwa na mtu ambaye sindano na yeye ni watani. Na Kiki alikuwa akilizunguka dude lile akicheka, akilipapasa, akilibusu kwenye mdomo uliopinda. Hajawahi kulibusu vazi lolote la Leontin.

"Zuri," Leontin akasema. Akakunja utepe wake wa kupimia, akaenda zake. Kijiba cha roho kilikuwa kimemkaa kooni.

Jirani yake Ivona, aliyekuwa akikunja nyaya za mbawa za wachezaji wakubwa wa kanivali, alimwona anavyopita na akajua.

"Mwenzangu, na wewe pumzika mwaka huu. Mwenye mwana karudi."

"Mwenye mwana ni nani, Ivona?"

"Haya, mimi simo."

"Kuzaa si kazi."

"Kazi kulea, najua. Umelea, kila mtu ameona. Sasa kiteme hicho ulichokimeza kabla hakijakukaba."

Leontin hakukitema. Alikwenda nacho nyumbani, akakaa nacho, na usiku akakumbuka kitu.

Kuna vazi moja ambalo Kiki alikuwa akimwomba kila mwaka, na kila mwaka yeye akakataa. Vazi la mtoto wa kofia.

Pale Mon Lazar hakuna asiyewajua watoto wa kofia. Ni watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Wanakaa kwenye mikakao na mianzi, wafupi, uchi, wamevaa kofia pana za ukindu. Chini ya kofia hakuna uso. Nyayo zao zinatazama nyuma, hivyo ukifuata alama zao unawakimbia, na ukiwakimbia unawafuata. Hawana ubaya mwingine ila mmoja: hawana majina, na wanayataka. Jina wakilisikia likitamkwa jioni, wanalichukua. Ndiyo maana kila mtoto wa Mon Lazar ana majina mawili, la kanisani na la uani, na jua likishauacha mlima mama haiti la kanisani hata nyumba ikiungua. Huita Kiki, huita Bobo, huita Pepe. Kiki kanisani aliitwa Selestin.

Mtu anaweza kushona vazi la watoto wale. Wachezaji wengine hulivaa. Lakini lina masharti yake, na Gran Felisia aliyafundisha pamoja na namna ya kushika sindano: lichorwe uso mbele ya kofia, tena uso wa kuchekesha, ili wao wenyewe wasilitamani. Na lisitiwe jina. Mavazi mengine yote ya watoto hutiwa jina kwa ndani, kwa sababu siku ya gwaride la kanivali wanabadilishwa nguo wote chumba kimoja cha shule, na bila majina akina mama wangepigana. La mtoto wa kofia tu ndilo haliandikwi.

"Wanatafuta mtu wa kuwashonea, ee Tanti?" Kiki alizoea kumuuliza kutoka chini ya meza. "Ndiyo maana wako uchi?"

"Labda."

"Basi nishonee hilo."

"Hilo hapana."

Sasa akalishona. Ndivyo wivu unavyofanya kazi, unakufungulia mlango uliokuwa umeufunga mwenyewe. Alichukua pamba laini, akaichemsha na maganda ya kakao mpaka ikapata rangi ya udongo uliolowa. Akaikata kwa vipimo alivyovikariri kichwani. Akashona nyayo mbili za kitambaa, akazijaza sufi, zikae juu ya viatu huku vidole vinatazama nyuma. Akasuka kofia ya ukindu, safu kwa safu, pana kama sinia. Ilipokamilika aliiinua, akaitazama ile sehemu ya mbele alipopaswa kuchora uso wa kuchekesha.

Akaona ataiharibu kazi. Akaiacha hivyo.

Kisha akafikiria: Odali ana akili ya kimjini. Atalificha vazi, atasema halikuletwa, au atamvisha mtoto wa jirani. Akatia uzi mwekundu kwenye sindano, akaigeuza kofia, na kwenye utepe wa ndani, pale panapogusa paji la uso, akatarizi herufi nzuri kuliko zote alizowahi kutarizi maishani.

SELESTIN.

Ivona alilikuta vazi linaning'inia mlangoni. Akasimama mbali nalo.

"Uso uko wapi?"

"Nitachora."

"Na ndani? Hujaandika kitu humo ndani?"

"Mimi ni mtoto mdogo, Ivona?"

"Kikulacho ki nguoni mwako," Ivona akasema, akarudi kwenye nyaya zake.

Basi ndivyo alivyoshika njia jioni ile, kapu mkononi, moyo mwepesi.

Shambani kulikuwa na harufu ya kakao iliyovundikwa, ile harufu kali ya siki inayoingia mpaka kwenye meno. Vyura walikuwa wamekwishaanza. Chini ya mikakao giza huingia mapema, maana juu yake kuna miti mikubwa ya kivuli, na Leontin alikuwa akitembea akiangalia mizizi. Alikuwa akifikiria atakachosema. Nimeleta kitu kidogo tu. Ndiyo, hivyo. Kitu kidogo tu.

"Tanti..."

Akasimama.

"Tanti, ni langu hilo?"

Sauti ilitoka upande wa kushoto, kati ya mashina. Sauti ya Kiki. Ile ile, yenye kigugumizi kidogo mwanzoni mwa neno.

"Kiki? Unafanya nini huku saa hizi? Mama yako anajua?"

"Nimetoroka." Kicheko kidogo. "Nilijua unakuja."

Leontin aliona kivuli cha mtoto nyuma ya shina, kimo cha Kiki, mabega ya Kiki. Angemgombeza, angemshika mkono, wakaenda. Lakini kivuli kikasema tena, kwa kunong'ona.

"Lile la Mama linaniwasha shingoni."

Leontin akasogea hatua moja.

"Ni baya, Tanti. Kasuku gani yule. Watoto watanicheka."

Ah, maneno yale. Yalimshuka kooni kama chai ya kakao asubuhi ya baridi. Wiki zote zile alikuwa akiyasubiri, akiyaota, akijiona mchawi kwa kuyataka, na sasa yanatoka yenyewe katika kinywa cha mtoto. Hata hakujiuliza Kiki amejuaje kwamba yeye, Leontin, kimoyomoyo alisema kasuku gani yule.

"Usimseme mama yako," akajibu. Alikuwa anatabasamu gizani.

"Wewe ndiye unajua kushona. Nipe nivae."

Akatoa vazi, akalinyoosha kuelekea kwenye shina. Vidole vikalipokea. Vilikuwa baridi, na vimelowa. Akatoa na kofia.

"Na humu ndani kumeandikwa nini?"

"Jina lako."

"Nisomee."

"Si unajua kusoma?"

"Nataka nisikie kwa mdomo wako, Tanti. Mama halitamki vizuri."

Halitamki vizuri. Leontin akacheka kidogo puani. Ni kweli, Odali siku hizi alitamka kila kitu kimarekani. Basi akalisema. Alilisema taratibu, kwa mapenzi, kama alivyolisema padri siku ya ubatizo yeye akiwa amembeba mtoto mikononi na mama mtu yuko ng'ambo.

"Selestin."

Vyura wakanyamaza. Wote.

Kitu kikatoka nyuma ya shina. Vazi lilikuwa limekikaa sawasawa. Kofia ilikuwa imeshuka mpaka mabegani. Leontin akainamisha macho kutazama miguu, kama mshonaji yeyote anavyotazama pindo limeangukia wapi, akaona vidole vinatazama nyuma. Akafurahi kwa nukta moja kwamba nyayo zake za sufi zimekaa vizuri.

Kisha mkono wake ukagusa kitu laini kapuni.

Nyayo za sufi bado zilikuwa humo.

Hakupiga kelele. Alikimbia tu, akavuka kijito bila kutafuta mawe, akapanda mpaka kwa Odali, akasukuma mlango bila hodi. Taa ilikuwa inawaka. Harufu ya wali wa pelau jikoni. Na mezani, mgongo umeelekea mlangoni, Kiki amekaa anabandika unyoya kwenye mbawa fupi ya kasuku.

"Vipi dada, umekimbizwa na mbwa?" Odali alitoka jikoni na mwiko mkononi. Akamtazama mtoto. "Selestin, msalimie Tanti."

Alikuwa ameishi ng'ambo mno. Alikuwa amesahau, au aliona ni mambo ya kizamani. Mtoto hakugeuka. Aliendelea kupaka gundi, kama anayesikia watu wengine wakiitwa.

"Selestin?"

Kutoka nje, chini, upande wa mikakao, sauti ndogo ikaitika.

"Abee, Mama..."

Odali akacheka. "Watoto wa jirani hao, wana michezo." Leontin alitazama mkono wa Kiki. Ule unyoya ulikuwa umeanguka mezani, na mtoto alikuwa anautazama kana kwamba amesahau unyoya ni kitu cha kufanyia nini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Kiki akaacha kula. Ukimwita Kiki alikuja, lakini ukimtajia jina lake la kanisani alikuuliza, "Huyo ni nani?" Alikuwa baridi kama jiwe la kijito. Daktari wa bondeni akasema ni upungufu wa damu, akatoa dawa ya maji. Kisha mtoto akaanza kulia akivalishwa viatu.

"Vinanibana nyuma."

Odali akanunua vikubwa. Vikambana nyuma. Jumapili moja Leontin akamkalisha mapajani kumwosha miguu, akaishika ile miguu aliyoikanda kwa mafuta ya nazi tangu ina ukubwa wa kidole gumba, akasikia kifundo kimelegea. Kilikuwa kimeanza kugeuka. Kidogo tu. Mshonaji tu ndiye angeuona mgeuko ule.

Hapo ndipo alipokwenda kwa Ivona akamweleza yote, hata lile la kucheka puani.

Ivona aliweka koleo yake chini. Hakumtukana, na Leontin angependelea atukanwe.

"Jina halirudi bure," akasema. "Bibi zetu walisema hivyo. Halirudi kwa sala wala kwa chumvi. Linabadilishwa kwa jina."

"Jina gani?"

"La mtu. Unalo moja ambalo ni mali yako, Leontin. Mengine yote ni ya watu."

"Na mtu aliyelitoa lake?"

"Sijawahi kuonana naye," Ivona akasema.

Siku nzima Leontin alilizoeza jina lake mdomoni. Alifagia akilisema. Alifunika cherehani kwa shuka akilisema. Hakuogopa sana. Alijiambia, mimi ni nani wa kunililia, ni vizuri, mtoto atapona. Alipika, akala kidogo, akafunga milango. Jua lilipoanza kuuacha mlima akateremka.

Kilikuwa pale pale. Kimekaa juu ya mzizi, kimepakata mikono kama mtoto anayesubiri chakula.

"Ulinishonea vizuri," kikasema, kwa sauti ya Kiki. "Haliniwashi."

"Nimekuja kulichukua jina."

"Lakini ni langu. Limeandikwa."

"Nitakupa jingine. La mtu mzima."

Kofia ikainama upande, kama inafikiri. Harufu ya siki ikazidi. Mahali fulani juu, kwenye kilima cha pili, dirisha la Odali lilikuwa limewashwa taa, na Leontin akaliona kupitia majani. Akamwona Odali dirishani, amempakata mtoto aliyezungushiwa blanketi. Anamwimbia. Na yule mtoto, baridi vile, hana jina vile, alikuwa ameunyoosha mkono na kuushika uso wa mama yake.

Leontin alimkeshea siku ngapi alipokuwa na surua? Na yeye, nani aliyemshika uso?

"Nipe basi," kikasema. "Lipi?"

Akafungua mdomo. Mpaka leo anaapa kwamba jina lililokuwa ulimini mwake ni lake mwenyewe, alilolizoeza mchana kutwa. Ulimi hauna mfupa.

"Odali," akasema.

Kofia ikashuka kwenye mzizi, tupu. Vazi likaanguka juu yake. Alipoigeuza kofia, utepe wa ndani ulikuwa safi, hauna hata tundu la sindano.

Juu kilimani, dirisha lilikuwa bado lina taa. Hakukuwa na mtu dirishani.

Alimkuta Kiki katikati ya chumba, blanketi limemwanguka miguuni, mashavu yana damu.

"Selestin," Leontin akanong'ona.

"Abee, Tanti." Kisha, "Mama katoka nje. Kasema kaitwa."

Pelau ilikuwa inaungua jikoni. Nje, kwenye udongo laini wa ngazi, palikuwa na alama za nyayo za mtu mzima, pekupeku, zote zinaelekea nyumbani. Hakukuwa na hata moja inayotoka.

Watu walimtafuta siku kadhaa, si nyingi. Odali alikwisha kuondoka mara moja na kuacha mtoto, na mtu akishakuwa na sifa, hata akifa wataieleza maiti kwa sifa hiyo. Karudi Amerika, walisema. Kafuata mwanamume huko. Pasi yake ya kusafiria ilikuwa kwenye droo, chini ya soksi za mtoto. Leontin aliiona. Aliifunga droo.

Ivona hakuuliza kitu. Aliacha tu kupita kwake.

Basi Leontin akampata mtoto wake. Kitanda kilirudi mahali pake, viatu vilirudi mlangoni, na miguu ilirudi kutazama mbele. Siku ya gwaride Kiki alivaa kasuku. Leontin alimshonea vazi la nyota yenye mkia, lasi tupu, kazi ambayo hata yeye aliiogopa kwa uzuri wake, na mtoto akasema asante Tanti, akaliweka kitini, akavaa boksi lile lenye mdomo uliopinda. Watu wakapiga makofi kwa huruma. Leontin alisimama barabarani akimwonea kijicho mtu ambaye hayupo.

Na jioni...

Jioni, jua likiuacha mlima, kutoka kwenye mikakao mtu humwita mtoto. Kwa jina la kanisani, lote, bila woga, kwa lafudhi ya kimarekani. "Selestin. Selestin, njoo." Wala si sauti ya kutisha, hilo ndilo baya. Ni sauti ya mama anayeita mwanawe kula. Leontin hufunga madirisha, hufungulia redio mpaka mwisho, humkalisha Kiki chini ya meza na kumsimulia hadithi za Gran Felisia kwa sauti kubwa, mguu kwenye cherehani. Anajua mtoto hamsikilizi yeye. Anaona namna alivyoinamisha kichwa, upande wa dirisha, akisubiri yule mwingine aite tena. Hata sasa. Hata kwa hali ile, ni yule anayesikilizwa.

Juzi alichungulia chini ya meza. Kiki alikuwa hachezei pini. Alikuwa anashona. Amekaa miguu imekunjwa, kichwa kimeinama, mkono unakwenda na kurudi, mishono midogo iliyonyooka, ile aliyofundishwa na Leontin mwenyewe. Gauni. La pamba, rangi ya udongo. Lilikuwa kubwa mno kwa mtoto.

"La nani hilo, mpenzi?"

"La Mama. Kasema kule yuko uchi, na kuna baridi."

Redio ilikuwa inapiga kelele. Leontin akapiga magoti, akanyoosha mkono.

"Nipe nikusaidie kumaliza," akasema. "Kisha mimi nitampelekea."

Mtoto akakata uzi kwa meno, akalinyoosha pindo kwenye goti lake, akalitazama.

"Hapana, Tanti," akasema kwa upole. "Kasema nimpelekee mwenyewe. Na limebaki hili pindo tu."